Afrika Imekataza Mzigo, Imemsahau Mpagazi

Maelfu ya wananchi wanaotelemka kila siku katika kituo cha mabasi cha Gerezani na kushika njia ya soko la Kariakoo hulitamka jina la soko hilo bila ya kukumbuka kwamba ni jina la vita. Majeshi ya Uingereza yalipoitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo hilo lilifanywa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps. Ulimi wa wenyeji ukalilainisha jina hilo likawa Kariakoo, kama ulivyofanya pia Nairobi, ambako mtaa wa Kariokor una asili hiyo hiyo.

Wapagazi hao walichukuliwa vijijini, aghalabu kwa nguvu. Walibeba vichwani masanduku ya risasi, vipande vya mizinga, magunia ya unga na machela za majeruhi. Inakadiriwa kwamba Waafrika karibu milioni moja walitumikishwa kazi hiyo katika vita vya Afrika Mashariki, na kwamba waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yao walizidi 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Berlin wala wa London. Hata hivyo, bila ya wao vita hivyo visingeweza kuendelea, kwa kuwa mbung'o waliwaua punda na farasi, na barabara za magari zilikuwa chache mno. Mizinga ya Ulaya ilikuwa na nguvu ya kuua, lakini haikuwa na miguu. Miguu ilitolewa na Mwafrika.

Fundisho lililomo katika jina la Kariakoo linahusu silaha za leo kuliko mtu anavyoweza kudhani. Silaha ya nyuklia, kwa ukali wake wote, ni mzigo tu. Bomu lililofungiwa ghalani haliwezi kuangamiza mji ulio ng'ambo ya bahari mpaka lipate chombo cha kulifikisha huko: ndege, nyambizi, au kombora la masafa marefu. Na chombo hicho nacho huhitaji mahali pa kurukia, pa kutia nanga, pa kujaza mafuta na pa kufanyiwa majaribio. Kwa hiyo, nchi ambayo haina bomu hata moja yaweza kuwa mshiriki wa vita vya nyuklia kwa kuazima mgongo wake tu. Hapo ndipo lilipo swali linaloikabili Afrika: je, bara hili limejikinga dhidi ya mzigo na mpagazi pia, au limejikinga dhidi ya mzigo peke yake?

Jibu la kweli ni kwamba Afrika imefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ni ya kujivunia. Baada ya Ufaransa kulipua bomu lake la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari 1960, na kuendelea na majaribio yake katika ardhi ya Algeria hadi mwaka 1966, viongozi wa Afrika hawakukaa kimya. Mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo mwezi Julai 1964 ulitangaza kwamba bara hili lisiwe na silaha za nyuklia. Tangazo hilo lilichukua miaka zaidi ya 30 kuwa sheria, kwa sababu moja kubwa: huko kusini Makaburu walikuwa wanaunda bomu lao.

Habari za bomu la Makaburu zinafaa kusimuliwa upya, hasa kwa vijana ambao hawakuziishi siku hizo. Mwezi Agosti 1977, Umoja wa Kisovieti uliitahadharisha dunia kwamba shimo la majaribio ya nyuklia lilikuwa limetayarishwa katika jangwa la Kalahari. Shinikizo la mataifa likawafanya Makaburu waahirishe jaribio hilo. Tarehe 22 Septemba 1979 setilaiti ya Marekani aina ya Vela iliona mmweko wa mwanga wa aina mbili mfululizo katika bahari ya kusini, na mabishano juu ya asili ya mmweko huo hayajamalizika hata leo. Hatimaye, tarehe 24 Machi 1993, Rais F. W. de Klerk alisimama bungeni akakiri kwamba utawala wa Makaburu ulikuwa umeunda mabomu sita, na kwamba yote yalikwisha kuvunjwa.

Wengi huikumbuka idadi hiyo ya mabomu sita. Wachache huuliza yangebebwa na nini. Mwanzoni mpagazi alikuwa ndege, zikiwamo za aina ya Buccaneer ambazo Afrika Kusini iliuziwa na Uingereza katika miaka ya 1960. Baadaye utawala huo, kwa ushirikiano na Israel, ulianza kuunda kombora. Tarehe 5 Julai 1989 kombora hilo lilirushwa kutoka uwanja wa Overberg, karibu na Arniston katika Jimbo la Cape, likaruka zaidi ya kilometa 1,000 juu ya bahari. Dunia iliambiwa kwamba ilikuwa ni roketi ya kupeleka setilaiti angani. Kwa nchi zilizokuwa Mstari wa Mbele, maelezo hayo hayakuweza kumtuliza mtu. Kutoka ukingo wa mto Limpopo hadi Harare au Lusaka ni mwendo usiofika kilometa 1,000, na tarehe 19 Mei 1986 majeshi ya Makaburu yalikuwa yamekwisha kuishambulia miji ya Harare, Lusaka na Gaborone kwa siku moja. Dar es Salaam, iliyokuwa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi tangu mwaka 1963, ilikuwa na kila sababu ya kuhesabu kilometa.

Katika historia hiyo kuna jambo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili. De Klerk aliamuru mabomu yavunjwe, na Afrika Kusini ikajiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia tarehe 10 Julai 1991. Lakini mwezi Novemba 1990, wakati ambapo mabomu yenyewe yalikuwa yanavunjwa, kombora lilirushwa tena kutoka Overberg. Mzigo ulikuwa unateketezwa, na mpagazi bado alikuwa anafanyishwa mazoezi. Kazi ya makombora haikukomeshwa mpaka baadaye, katika miaka ya kwanza ya 1990, kwa gharama zake, kwa shinikizo la Marekani na kwa mabadiliko ya siasa nchini humo. Laiti shinikizo hilo lisingalikuwapo, hakuna mkataba wowote wa Afrika ambao ungaliweza kumkamata mpagazi huyo.

Wala mfano wa Makaburu si wa pekee. Karibu zaidi na Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kulitokea jambo ambalo watumishi wa Serikali wa miaka ile hawajalisahau. Mwaka 1976 utawala wa Mobutu Sese Seko wa Zaire uliipa kampuni moja ya Ujerumani Magharibi, iliyoitwa OTRAG, eneo la takriban kilometa za mraba 100,000 katika jimbo la Shaba ili kurushia roketi zake. Eneo hilo lilikuwa kubwa karibu mara 40 kuliko visiwa vya Unguja na Pemba vikiunganishwa, na mkataba ulikusudiwa kudumu hadi mwaka 2000. Mwenyekiti wa kampuni hiyo alikuwa Kurt Debus, mtaalamu aliyepata kufanya kazi ya makombora ya V-2 ya Wanazi kabla ya kuwa mkuu wa kituo cha Marekani cha kurushia vyombo vya angani.

Kampuni ilieleza kwamba shabaha yake ni biashara ya setilaiti za bei nafuu. Huenda ilisema kweli. Roketi yake iliundwa kwa mabomba mengi yaliyofungwa pamoja mithili ya tita la kuni, na vali zake ziliendeshwa kwa mota za kufutia vioo vya magari, bidhaa ambayo mwenye gari huitafuta leo katika maduka ya vipuri ya Gerezani na Kariakoo. Lakini urahisi huo ndio uliozidisha hofu. Fundi wa vyuma wa Gerezani anajua vema kwamba bomba halimchagulii mtu matumizi: hilo hilo laweza kupitisha maji, na laweza kuwa mtutu. Kadhalika roketi inayoweza kufikisha setilaiti angani yaweza, ikigeuzwa, kufikisha kitu kingine mahali pengine. Majirani wa Zaire walilalamika, Umoja wa Kisovieti ukapiga kelele, Ujerumani Magharibi yenyewe ikaona aibu, na mwaka 1979 Mobutu akaisimamisha kazi hiyo. Kampuni ikahamia Libya.

Kisa cha Shaba hakikuthibitisha kwamba OTRAG ilikuwa inaunda silaha. Kilithibitisha jambo lililo kubwa kuliko hilo, yaani kwamba mtawala mmoja wa Afrika aliweza, kwa saini yake, kukodisha ardhi kubwa kiasi hicho kwa wageni wenye roketi, na majirani wake wasiwe na chombo chochote cha kisheria cha kuuliza roketi hizo zimekusudiwa nini. Walibakiwa na makelele peke yake, na kwa bahati njema makelele yalitosha.

Tanzania inao uzoefu wake juu ya ardhi inayokodishwa bila ya kufikiri. Mwaka 1921, Uingereza iliikodisha Ubelgiji sehemu za bandari za Dar es Salaam na Kigoma, zilizojulikana kama Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na kwa muda usio na mwisho. Bandari hiyo ya Dar es Salaam iko mwendo mfupi kutoka Gerezani. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere alitamka wazi kwamba Tanganyika huru haiwezi kufungwa na ahadi ya milele iliyotolewa na mtawala ambaye yeye mwenyewe alikuwa na madaraka ya muda. Msingi alioutetea ni kwamba mwenye nchi ndiye anayeamua nani aweke mguu katika bandari yake, na kwa sharti gani. Msingi huo haukuwa wa biashara ya shaba na pamba tu. Unahusu pia manowari na ndege za kivita.

Ili haki itendeke, yafaa isemwe kwamba si kila roketi ni ya shari. Katika ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi nchini Kenya, Waitaliano waliendesha jukwaa la San Marco ambalo lilirusha setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, jukwaa hilo lilirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Wanasayansi wa dunia nzima walinufaika na matokeo yake. Tofauti kati ya Malindi na Shaba haikuwa katika chuma, bali katika uwazi: huku shughuli ilijulikana, mzigo ulitajwa, na matokeo yalichapishwa; kule jirani aliachwa akisie.

Sasa na uangaliwe mkataba ambao Afrika imejiwekea. Unaitwa Mkataba wa Pelindaba, kwa jina la kituo kilicho karibu na Pretoria ambako Makaburu waliendeshea shughuli zao za atomiki. Ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996. Tanzania iliuridhia mwaka 1998. Ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009, siku ambayo nchi jirani ya Burundi, ikiwa ya 28, ilikamilisha idadi iliyotakiwa. Unakataza kuunda, kumiliki, kujaribu na kuweka silaha za nyuklia barani, na hata kutupa taka zake. Chini yake imeundwa Tume ya Afrika ya Nishati ya Nyuklia, yenye makao yake Afrika Kusini. Huo ni ushindi mkubwa, na ni sehemu ya urithi wa mapambano ya ukombozi.

Lakini kila mtumishi anayeshughulikia sheria angefanya vema kuisoma ibara yake ya kwanza. Pale inapofafanua maana ya silaha ya nyuklia, ibara hiyo inasema kwamba maana hiyo haihusu chombo cha kusafirishia au kufikishia silaha, ikiwa chombo hicho chaweza kutenganishwa nayo. Maana yake ni kwamba kombora lisilofungwa bomu si silaha ya nyuklia mbele ya mkataba huo. Ndege iliyoundwa mahsusi kubeba bomu la nyuklia, ikitua bila ya bomu, ni ndege kama nyingine. Isitoshe, ibara ya nne inaiachia kila nchi uhuru wa kuamua yenyewe kama itaruhusu meli na ndege za kigeni kuzuru bandari na viwanja vyake, au kupita katika maji na anga yake. Mzigo umekatazwa kwa maneno makali. Mpagazi ameachiwa mlango wazi.

Waliouandika mkataba hawakuwa wajinga. Mikataba ya namna hiyo ya Amerika ya Kusini na ya Pasifiki ina maneno yanayofanana na hayo, na nchi nyingi zisingalikubali kutia saini kama vyombo navyo vingalipigwa marufuku. Lakini maafikiano yaliyofaa mwaka 1996 hayana budi kupimwa kwa hali ya dunia ya sasa.

Na hali hiyo haifichiki. Kutoka Dar es Salaam kwenda mashariki, takriban kilometa 3,600 katika Bahari ya Hindi, kipo kisiwa cha Diego Garcia katika visiwa vya Chagos. Wenyeji wake walihamishwa kwa nguvu kati ya mwaka 1968 na 1973 ili kuipisha kambi ya kijeshi ya Marekani. Ramani ya Mkataba wa Pelindaba inavihesabu visiwa hivyo kuwa sehemu ya Afrika, ingawa Uingereza ilikataa kwamba mkataba unavihusu. Katika miezi ya Machi na Aprili 2025, zilionekana huko ndege zisizopungua sita za aina ya B-2, ambazo ni miongoni mwa ndege za Marekani zilizoundwa kubeba mabomu ya nyuklia. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuirejeshea Mauritius mamlaka juu ya visiwa hivyo, huku Diego Garcia ikikodishwa kwa miaka 99. Mwafrika anayefurahia kurejeshwa kwa ardhi hiyo ana haki pia ya kuuliza: je, mwenye nyumba mpya, ambaye ni mwanachama wa Umoja wa Afrika, atakuwa na sauti juu ya kinachotua uani kwake?

Ubaya wa vyombo vya siku hizi ni kwamba huwezi kujua vimebeba nini. Tarehe 21 Novemba 2024 Urusi iliushambulia mji wa Dnipro nchini Ukraine kwa kombora jipya liitwalo Oreshnik, ambalo laweza kufungwa vichwa vya nyuklia. Safari hiyo halikufungwa. Lakini kombora likiwa angani, aliyelengwa hana njia ya kulifungua aone ndani. Hulazimika kukisia kwa dakika chache, na katika mambo ya nyuklia kukisia vibaya hakuna marejeo.

Watakuwapo watakaosema kwamba Tanzania haina makombora wala maadui wenye makombora, na kwa hiyo mjadala huu uachiwe wakubwa. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wengine watasema kwamba chombo hakiwezi kupigwa marufuku kwa kuwa kina kazi nyingine za halali. Historia inawakanusha. Tarehe 8 Desemba 1987 Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev walitia saini mkataba wa kuteketeza makombora yote ya nchi kavu yenye masafa ya kilometa 500 hadi 5,500. Kufikia mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameteketezwa, huku wakaguzi wa kila upande wakishuhudia. Mkataba huo haukulazimisha kuteketeza vilipukaji vya nyuklia vilivyokuwa ndani yake. Ulimwondoa mpagazi, ukaacha mzigo ghalani. Hata hivyo Ulaya ililala usingizi mwema zaidi kwa miaka 30. Mkataba ulipokufa, tarehe 2 Agosti 2019, mashindano ya makombora ya aina hiyo yalirudi.

Watakuwapo tena watakaohofia kwamba kumwuliza mgeni alichobeba ni kumvunjia heshima. Tanzania ni nchi ya ukarimu, na meli za kigeni zimeleta hapa mambo mema. Meli ya hospitali ya China iitwayo Peace Ark ilitia nanga Dar es Salaam mwaka 2017 na mwaka 2024, na wananchi wakatibiwa bure. Hakuna anayetaka milango ya namna hiyo ifungwe. Lakini mwenye nyumba muungwana humkaribisha mgeni na kumwonyesha mahali pa kuacha mkuki wake.

New Zealand, nchi ndogo kwa idadi ya watu, ilifanya hivyo. Mwaka 1985 iliikatalia manowari ya Marekani USS Buchanan, kwa sababu Marekani haikuwa tayari kueleza kama ilibeba silaha za nyuklia. Mwaka 1987 ikatunga sheria kwamba meli ya kivita isiingie mpaka waziri mkuu aridhike kuwa haikubeba silaha hizo. Marekani ilikasirika, ikasimamisha wajibu wake wa kuilinda nchi hiyo. New Zealand haikuangamia. Mwezi Novemba 2016 manowari ya Marekani USS Sampson iliingia katika maji yake chini ya sheria ile ile, nayo ikashiriki katika kuwasaidia watu waliokumbwa na tetemeko la ardhi la Kaikoura. Aliyekasirika alirudi, na sheria ilibaki.

Kwa hiyo zipo hatua tatu ambazo Tanzania, kwa historia yake, inastahili kuziongoza.

Ya kwanza ni kumaliza iliyokwisha kuianza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha za nyuklia ulipitishwa mwaka 2017, na ulianza kutumika tarehe 22 Januari 2021. Mkataba huu unakataza waziwazi kumsaidia yeyote, kwa namna yoyote, katika matendo uliyoyakataza. Na kuazima mgongo ni msaada. Tanzania iliutia saini mwezi Septemba 2019, lakini hadi kumalizika kwa mwaka 2024 ilikuwa haijauridhia. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya namna hiyo. Saini bila ya kuridhia ni barua iliyoandikwa isipelekwe posta.

Ya pili ni kuandika utaratibu wa nyumbani. Uhuru ambao ibara ya nne ya Pelindaba inaiachia kila nchi ni uhuru wa kukubali na wa kukataa pia. Usipoandikiwa kanuni, uamuzi huangukia kwa ofisa wa zamu, ambaye hupokea simu usiku bila ya kuwa na karatasi ya kumwongoza. Kanuni fupi, yenye kumtaka kila mgeni wa kijeshi atamke kwa maandishi kwamba hakubeba silaha ya nyuklia, ingemlinda ofisa huyo na ingeilinda nchi.

Ya tatu ni kulipeleka suala la vyombo mbele ya Umoja wa Afrika. Si lazima Mkataba wa Pelindaba ufumuliwe. Yatosha kuuongezea itifaki, ili nchi yoyote ya Afrika inayokaribisha roketi za kigeni iwaeleze jirani zake mapema ni roketi gani, za nani, na za kazi gani. Wakati ambapo nchi kadhaa za Afrika zinatamani setilaiti na viwanja vya kuzirushia, itifaki hiyo isingezuia maendeleo. Ingehakikisha kwamba kinachojengwa ni Malindi na si Shaba.

Walimu nao wana sehemu yao. Upo usemi wa zamani kwamba mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Usemi huo ulizaliwa katika misafara ya pwani na bara, na hutajwa kama sifa ya nguvu. Mwanafunzi wa darasa la historia aelezwe upande wake wa pili: kwamba mwenye nguvu za kubeba ana haki ya kuuliza ndani ya mzigo mna nini, unapelekwa kwa nani, na atakayeumia ni nani. Wapagazi wa mwaka 1916 hawakupewa nafasi ya kuuliza. Nchi huru ina Katiba, ina Bunge, ina kiti katika Umoja wa Mataifa, na haina udhuru wa kunyamaza.